Sio kila jeli ikipashwa moto inaharibika
Hapo mnaposema jeli ikishapashwa moto ndo basi, inalegea moja kwa moja, mi sikubali, inategemea jeli gani na umeipoozaje. Hizi zinazojiunda zenyewe molekuli zake zimeshikana tu kwa mivutano midogo midogo, kwahiyo joto linazifumua halafu zikipoa zinajipanga upya, ukipooza taratibu zinapata muda wa kukaa vizuri. Timu ya mwanasayansi Samuel Stupp kule chuo kikuu cha Northwestern, Marekani, 2010 walipasha mchanganyiko wa peptaidi (vipande vifupi kama vya protini) hadi nyuzijoto 80, wakaacha upoe, wakauvuta kwa mkono kwenye maji yenye kalsiamu, ikatoka jeli yenye nyuzinyuzi ndefu zimelala upande mmoja! Sisi wa maabara huku Dodoma tunayaona kwenye agari ya kuoteshea bakteria, inayeyuka kwenye 85 hivi lakini haigandi mpaka ishuke chini ya 40 (na kwa mwinuko wetu maji yanachemka kama 96, ila inatosha). Unachemsha mpaka vile vipunje vinavyong'aa kwenye chupa vipotee, ukikatisha mapema sahani inatoka huku ngumu huku uji, ukipitisha kitanzi cha kupandia bakteria inachanika. Ila kuna kaukweli, ukiyeyusha ile ile tena na tena, hasa ikiwa na asidi, minyororo yenyewe ya molekuli inakatika na haigandi kama mwanzo. Sasa wadau mnaotumia gelatini, ile inayeyuka kwenye 30 na kitu tu, joto la Novemba huku umeme ukikata mnaitunzaje?