Vigawo vikishapatikana, visikae kwenye seva moja

Wiki iliyopita kompyuta yangu ilikesha ikifanya kazi ambayo mtu mwingine alikwisha kuifanya. Nafuatilia mfuatano mmoja wa namba, ule unaojengwa kwa kujumlisha vigawo vyote vya namba isipokuwa yenyewe: 276 inazaa 396, 396 inazaa 696, 696 inazaa 1104, na kuendelea. Mfuatano wa 276 hakuna ajuaye kama una mwisho, na wanaousukuma wameshapita tarakimu 200. Wangu ni mwingine na haujafika huko, lakini kanuni ni ileile: hupigi hatua hata moja mpaka uivunje namba uliyo nayo hadi kwenye vigawo vyake tasa.

Skripti yangu, yaani programu ndogo niliyoiandikia kazi hii, ikikutana na namba kubwa huuliza kwanza kwenye hifadhidata ya mtandaoni ambako watu hupeleka vigawo walivyopata. Usiku ule hifadhidata ilikuwa imelemewa. Badala ya jibu ikarudisha ukurasa wa hitilafu, 502, na skripti ilipokosa vigawo ndani ya ukurasa huo ikachukulia kwamba havijulikani. Namba ilikuwa ya tarakimu 113. Asubuhi nikaikuta imevunjika vipande viwili, nikaenda kuviwasilisha kwa furaha, kumbe vimo humo siku nyingi.

Kosa la skripti ni langu na nimelirekebisha: sasa inatofautisha "havijulikani" na "siwezi kujibu kwa sasa". Hata kulemewa kwenyewe, mzigo mkubwa tunautwisha sisi watumiaji. Mtu anatuma maelfu ya namba za tarakimu 60, ambazo kompyuta ya kawaida inazivunja kwa sekunde chache, foleni inajaa, na mwenye namba moja ngumu anasubiri nyuma yao. Msimamizi akiweka kikomo cha maombi kwa saa kwa kila anwani ya IP, tunalalamika. Mimi kikomo nakiunga mkono.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Hifadhidata ya aina hii haihifadhi vigawo tu, inahifadhi pia kiwango cha ujuzi wetu juu ya kila namba: hii imethibitishwa kuwa tasa, hii inaelekea kuwa tasa, hii si tasa ila vigawo vyake havijapatikana. Tofauti hizo si za kupuuza. 341 inafaulu jaribio la Fermat kwa kizio 2, kipimo cha haraka cha kukisia kama namba ni tasa, kana kwamba ni tasa kweli, kumbe ni 11 mara 31. Na mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas alionyesha kwamba 2^67 − 1 si tasa bila kutoa kigawo hata kimoja. Ikapita miaka 27 hadi mwanahisabati mwingine, Frank Nelson Cole, mwaka 1903, alipovitaja: 193707721 na 761838257287. Kwa miaka yote hiyo ujuzi wa dunia juu ya namba ile ulikuwa neno moja, "si tasa", na neno lile lilikuwa na thamani. Diski ikiharibika katikati ya kuandika, maneno kama hayo ndiyo yanayopotea kimyakimya.

Sasa tazama jinsi data hii ilivyo ya pekee. Kuvipata vigawo vya Cole kulidai miaka ya kazi. Kuvihakiki ni kuzidisha mara moja, na kwa kalamu na karatasi unamaliza kabla chai haijapoa. Maana yake nakala ya data hii haihitaji kuaminiwa. Ikikaa kwangu, ikikaa kwa mtu nisiyemjua, ukiitilia shaka unazidisha. Rekodi za benki haziwezi kusambazwa hivyo, hizi zinaweza. Ndiyo maana sioni sababu ya mkusanyiko mzima kutegemea seva moja na msimamizi mmoja, hata awe mwaminifu na mchapakazi kiasi gani. Wanahisabati Cunningham na Woodall walichapa majedwali yao ya vigawo mwaka 1925 kama kitabu, na maktaba moja ikifungwa, nakala za kwingine zinabaki.

Ninachoomba si teknolojia mpya. Faili moja kila mwezi, maandishi matupu, kila mstari namba na vigawo vyake, iliyobanwa na kuachwa mahali ambapo yeyote anaweza kuipakua. Hati za uthibitisho wa namba tasa kubwa ziwe na faili lake, maana kuzitengeneza upya ndiko kunakokula muda. Anayetaka kuchunguza namba milioni moja atafanyia kwenye nakala yake, na seva itabaki kupokea vigawo vipya.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Kila matokeo ninayopata naandika kwanza kwenye faili langu, ndipo nawasilisha. Mstari wa mwisho hadi leo ni ile namba ya tarakimu 113, na skripti huzidisha vigawo vyake viwili upya kila inapofungua faili.