Stenlesi au chuma cha springi: kisu kipi kwa kazi ipi?

Katika masoko ya Mbeya na Iringa, visu vya stenlesi vinavyotoka viwandani huuzwa karibu na visu vya wahunzi vilivyofuliwa kutoka springi za magari, na wanunuzi wengi huamini kwamba kile kisichoshika kutu ndicho bora. Imani hiyo ina ukweli, lakini inachanganya sifa mbili. Kinachozuia kutu ni kromiamu, metali inayochanganywa na chuma, ambayo ikifika takribani asilimia 10.5 hujenga utando mwembamba juu ya chuma. Makali, kwa upande wake, yanategemea zaidi kaboni na namna chuma kilivyochomwa na kupozwa. Stenlesi ya aina ya 420, inayotumika sana katika visu vya bei nafuu, ina kaboni isiyozidi takribani asilimia 0.4, springi ina karibu 0.6, na chuma cha zana cha aina ya O1 hukaribia 0.9.

Kwa jikoni na buchani, stenlesi inastahili nafasi yake. Rungwe, ambako mvua ni nyingi na ndizi humenywa kila siku, utomvu huacha weusi kwenye chuma cha kawaida, na kisu kilicholala na maji huamka na kutu. Penye nyama, vishimo vya kutu huficha uchafu, na hilo kwangu linatosha kumaliza mjadala.

Mgema wa ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, hata hivyo, ana hitaji jingine. Hukata ncha ya chipukizi la mwanzi asubuhi na jioni, akiondoa kipande chembamba sana, na kisu butu huponda nyuzi badala ya kuzikata. Anahitaji ubapa unaokubali makali membamba na unaonoleka upesi kwenye jiwe la kawaida. Kutu nayo haipati nafasi kwenye makali yanayonolewa kila siku. Ni kweli zipo stenlesi zenye kaboni nyingi, kama 440C, zinazodumu na makali kwa muda mrefu, ila chembe zake ngumu za kromiamu na kaboni humchosha anayenoa kwa jiwe la mtoni.

Jambo linalosahaulika zaidi ni matengenezo. Springi hukomazwa, yaani hufanywa ngumu, kwenye joto la nyuzi 830 za Selsiasi hivi, ambalo mhunzi mzoefu hulitambua kwa rangi na kwa sumaku iliyoacha kunasa, kisha huizamisha kwenye oili na kuipasha tena kwa kiasi ili isimeguke. Akiichoma kupita kiasi ataiharibu, na visu vibovu vya namna hiyo vipo. Stenlesi huhitaji takribani nyuzi 1,000 au zaidi, kwa muda uliopimwa, jambo gumu sana kwenye mkaa na mivuo. Kwa hiyo kisu cha stenlesi kilichotoka kiwandani kikiwa laini kitabaki laini, ilhali cha springi kilichokosewa kinaweza kurudishwa kwa mhunzi aliyekifua na kukomazwa upya.