Mpira wa chini ya benchi

Jumapili iliyopita nimegombezwa na bibi wa Kijerumani kisa mpira. Tulikuwa Tempelhofer Feld, mimi na kijana wangu, ule uwanja wa ndege wa Berlin uliofungwa 2008 na sasa ni bustani ya watu wote. Mpira saizi 5, mzuri kabisa, umelala chini ya benchi. Tumesubiri nusu saa, hakuja mtu. Nikautia kwenye begi. Bibi mwenye mbwa akanisogelea: "Ni wako?" Si wangu. "Basi uache, mwenyewe atarudi."

Atarudi! Nyie mliokulia Temeke mnajua: mpira ukishavuka ukuta wa jirani, ama haurudi, ama unarudi umepasuliwa kwa kisu. Ndala za msikitini sizitaji.

Huku wakati wa baridi utakuta glovu ya mtoto imevishwa kwenye ncha ya uzio, siku kadhaa, inamsubiri mwenyewe. Sheria yao inasema ukiokota kitu cha zaidi ya euro 10 lazima utoe taarifa. Miezi 6 ikipita mwenyewe hajatokea, ni chako. Akitokea, unamdai asilimia 5. Kwa mpira wa euro 30 ni euro moja na nusu, haitoshi hata nauli ya kuupeleka.

Najua mtakachosema. "Huyu naye, kapanda ndege juzi, leo keshakuwa Mjerumani." Ngojeni kwanza. Mji huuhuu niliibiwa baiskeli yenye kufuli mbili, mchana kweupe, mlangoni pangu. Sijasema Wazungu ni malaika. Glovu moja haina soko, ndiyo, lakini pia aliyeipoteza anajua akirudi ataikuta. Kwetu harudi mtu, maana anajua imeshakwenda. Na kwa kuwa harudi mtu, anayeiacha anaonekana bwege. Hapo ndipo panaponiuma. Sote tumelelewa na "cha mtu mavi", bibi yangu aliisema huku kashika mwiko, na bado tukiona kitu chini tunajiambia nisipochukua mimi atachukua mwingine. Waislamu wenzangu ndio kabisa, tumefundishwa madrasa kwamba kilichookotwa kinatangazwa mwaka mzima. Wajerumani wamekata nusu!

"Wewe ulikuwa na mipira ya dukani, sisi tulicheza chandimu." Nani kakwambia? Mimi nilikuwa fundi wa kufunga nailoni kwa kamba, mtaa mzima walikuja kwangu. Tena hapa nitawasifu wa nyumbani: mpira ule ungekuwa Temeke usingelala chini ya benchi hata dakika tano. Jioni hiyo hiyo watoto ishirini wangekuwa wanaukimbiza, na aliyeuokota ndiye angepanga timu, namba tisa yeye mwenyewe. Huku watoto wanaupita wanautazama tu, kama chakula cha mgeni. Mali ya mtu imeheshimiwa, sawa, lakini inanyeshewa.

Basi sikuuacha, wala sikubaki nao. Jumanne niliomba ruhusa kazini, nikaupeleka ofisi ya vitu vilivyopotea, ambayo nayo iko hapohapo Tempelhof. Yule afisa kaandika rangi, saizi, mpaka mkwaruzo ulipo. Kijana ameshachora duara kwenye kalenda ya jikoni, miezi 6 mbele. Jana usiku kaniuliza kama huko ofisini wanaujaza upepo.