Kobe aliua Lakers kweli? Tuhesabu basi

Tangu LeBron James, nyota wa basketi wa Lakers ya Los Angeles, achukue ile dola milioni 52 na zaidi ya msimu wa 2025-26, na miaka yake 40, mabishano ya Kobe Bryant, nyota wa zamani wa Lakers, yamefufuka hapa Lubumbashi. Watu wanarudilia ileile: mzee anayependa ekipe yake anapunguza mshahara, Dirk Nowitzki wa Dallas alipunguza, Kobe alikataa, njo maana Lakers ilianguka. Mimi imeshanichosha hii.

Lakini wanaomlaumu wana vitu vya nguvu, siwezi kudanganya. Novemba 2013 Lakers inampa kontra mpya ya miaka miwili, milioni 48.5, na mguu wake ndio kwanza unapona, hata mechi moja hajarudi kucheza. Anarudi, anacheza 6, goti linavunjika. Msimu unaofuata mechi 35, bega. Ule wa mwisho anafika 66 ila mashuti yanaingia 35.8% tu, na bado anarusha karibu 17 kila mechi, ekipe inashinda 17 inapoteza 65, mbaya kuliko zote katika historia yao, na vijana kama D'Angelo Russell wanangojea mzee amalize kuaga ndio wao waanze kazi. Mechi ya kwaheri alifunga 60, sawa, kwa mashuti 50. Niliipenda kabisa, lakini ile ilikuwa shoo.

Sasa feza. Msimu wa 2014-15 kikomo cha mishahara cha ligi ya NBA kilikuwa kama milioni 63 kwa ekipe, Kobe peke yake 23.5. Mtu mmoja zaidi ya theluthi, na anacheza mechi 35. Hapo watu wanafunga kesi wanaenda kulala.

Mimi nauliza, yule aliyepunguza alipata nini? Mwaka 2014 Dirk alisaini Dallas miaka mitatu kwa milioni 25 hivi, na kulikuwa ekipe zingine tayari kumpa mshahara wa juu kabisa. Nafasi ya mishahara iliyobaki Dallas wakampa Chandler Parsons, milioni 46 kwa miaka mitatu. Parsons goti likamsumbua, akacheza miaka miwili akaenda Memphis. Tangu ubingwa wa 2011 mpaka Dirk anastaafu 2019, Dallas haikushinda raundi hata moja ya pleyofu. Hata moja! Miaka minane. Kwa hiyo ile sadaka yote tunayoimba kila siku ilimlipa Parsons, basi. Na mwenye ekipe je? Mark Cuban aliinunua mwaka 2000 kwa milioni 285, mwisho wa 2023 akauza sehemu kubwa kwa bei iliyoiweka ekipe nzima karibu bilioni 3.5. Tafuta humo punguzo la Dirk liko wapi. Kisha Februari 2025 hao hao Dallas, sasa chini ya wenyewe wapya, wakamtuma Luka Dončić Los Angeles, kijana wa miaka 25 ambaye kila mtu alidhani atazeeka pale kama Dirk, na Dirk mwenyewe akapanda ndege kwenda kumwangalia akicheza mechi ya kwanza na jezi ya Lakers.

Halafu watu wanasahau mguu wa Kobe ulikatikia wapi. Aprili 2013 Lakers wanatafuta nafasi ya mwisho ya pleyofu, mtu wa miaka 34 anachezeshwa karibu mechi nzima, Portland alicheza dakika zote 48 akafunga 47. Siku mbili baadaye, tarehe 12, wanacheza na Golden State, mshipa wa kisigino unakatika. Anatembea na mguu huo mpaka kwenye mstari, anarusha mbili za bure, zote ndani, 109 kwa 109, kisha anatoka uwanjani kwa miguu yake. Lakers walishinda 118 kwa 116, hesabu mwenyewe tofauti. Ile milioni 48.5 mnayoiita mshahara wa miaka miwili mibaya, mimi naiona kama deni la mwezi ule, na la ile miaka 17 ya kabla yake.

Na tuko mji gani? Hapa wazee wetu walitumika kwenye migodi miaka 25, 30, mwaka 2003 maelfu wakaambiwa waondoke "kwa hiari", na mpaka leo kuna wanaosema hawakulipwa yote. Mtu wa mji huu kumlaumu mfanyakazi eti amechukua mengi siku ya mwisho, hapo nashindwa kuelewa kabisa.

Tena Bismack Biyombo, mchezaji wa NBA, mtoto wa hapa hapa, alipotoka Toronto 2016 kwenda Orlando kwa milioni 72 za miaka minne sikusikia mtu kumuita msaliti. Tulifurahi tu. Kumbe tunajua.

Swali la wanaolaumu linabaki hata hivyo: na vijana je, na shabiki aliyelipa tiketi kuona mechi 65 za kupoteza? Ni kweli waliumia. Ila kontra ile Kobe hakujisainia peke yake, ilitoka ofisini, na ofisi ilijua mguu uko aje, na ilijua pia viwanja vitajaa. Dwyane Wade naye 2014 alitoka kwenye kontra iliyobakisha zaidi ya milioni 41 za miaka miwili, akasaini upya kwa milioni 31 hivi kwa ajili ya Miami, miaka miwili baadaye hawakuelewana kwa feza akaenda Chicago.

Ndiyo maana LeBron simlaumu. Mwaka 2024 aliwapunguzia Lakers kidogo tu, milioni mbili na kitu, na akaandikisha kwenye kontra kwamba hawawezi kumpeleka ekipe nyingine bila yeye kukubali. Luka hakuwa na karatasi hiyo, maana ligi inataka kwanza miaka minane ya kazi, na yeye alikuwa kwenye msimu wake wa saba.