Sio aibu, ni macho na msimu wa kulima
Nimesoma makala moja, mwandishi wake anasema watu wazima wanaacha kisomo, yaani madarasa yao ya kujifunza kusoma na kuandika, sababu ya aibu, hapo mimi nakataa kabisa. Najitolea kufundisha mwaka wa 3 sasa, jioni watoto wakishatoka darasani, na kinachowaondoa wengi ni msimu wa kulima na macho. Ndio, macho! Kuna mama alikuwa anashika daftari mbali, mkono umenyooka, nikadhani herufi zimemshinda kumbe haoni, tukamchangia miwani ya kusomea na haikupita muda anajisomea mwenyewe meseji za M-Pesa bila kumwita mjukuu. Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima na wazee wetu wakasoma, aibu haikuwazuia. Nyie mnaojitolea huko kwenu, wanafunzi wenu mlishawapima macho?