Jiji linataka mikono yake, mwanawe halimtaki

Kijiji cha Kangle hakina shamba hata moja. Kiko ndani ya Guangzhou, jiji la kusini mwa China, wilaya ya Haizhu, jirani na soko kubwa la vitambaa la Zhongda. Jiji lilipotanuka lilimeza mashamba, wenyeji wakabaki na viwanja vya nyumba zao, wakapandisha maghorofa ya kupangisha. Nyumba zimebanana mpaka Wachina wenyewe huziita nyumba za kupeana mikono: ukiwa dirishani kwako unaweza kumpa mkono jirani wa upande wa pili. Chini, kwenye vichochoro, taa zinawaka mchana.

Nilifika hapo mara ya kwanza kufuata vitambaa, na kilichonisimamisha ni waajiri. Wamejipanga kando ya njia, kila mmoja ameshika nguo ya mfano, huyu gauni, yule blauzi, pamoja na kipande cha boksi kilichoandikwa malipo kwa kila nguo. Mafundi wanapita. Wanaigeuza nguo ndani nje, wanatazama pindo na zipu, wanapiga hesabu watashona ngapi mpaka usiku, wanapatana au wanasonga mbele. Wengi wametoka mkoa wa Hubei, safari ya kama kilomita 1,000 kuelekea kaskazini.

Katika karakana nilikoweka oda yangu kulikuwa na mama mmoja niliyemwita dajie, dada mkubwa, kama walivyomwita wenzake. Jioni moja nilimkuta anashona huku ameegemeza simu kwenye boksi la nyuzi. Kwenye kioo kulikuwa na mtoto wa kiume, amenyanyua daftari la hesabu mpaka limeziba uso wake wote. Dajie alilitupia jicho, akasema, "La nne umekosea, rudia." Mguu haukutoka kwenye cherehani. Mtoto akashusha daftari, akafuta, akaandika tena, na kwa dakika nzima walikaa hivyo bila kusema neno, kila mmoja na kazi yake. Nilipomuuliza kwa nini asimlete mtoto akae naye, alijibu kwa neno moja: hukou.

Hukou ni usajili wa kaya. Kila Mchina ana mahali alipoandikwa, na kwa kawaida ni pale walipoandikwa wazazi wake, hata kama hajawahi kupaishi. Sheria yake ilitungwa Januari 1958, serikali ikitaka wakulima wabaki mashambani walishe miji na viwanda. Mgawo wa chakula, shule, matibabu na nyumba vilifuata maandishi hayo. Mkulima aliyekwenda mjini bila kibali hakuwa na pa kuchukulia chakula. Mwaka huohuo kiongozi wa nchi, Mao Zedong, alianzisha Mruko Mkuu wa Kusonga Mbele, kampeni ya kuharakisha viwanda na kilimo cha jumuiya, na njaa iliyofuata iliua mamilioni ya watu, wengi wao vijijini.

Kwa msomaji wa kwetu, chukulia wazazi wako wametoka Mbeya, wewe umezaliwa na kukulia Mbagala. Wakati wa mtihani wa kidato cha sita unakaribia, unaambiwa urudi Mbeya ukaufanyie huko, katikati ya wanafunzi usiowajua, pengine kwa vitabu ambavyo hukuvisoma. Hilo limewapata watoto wengi wa wahamiaji waliokulia Beijing na Shanghai, kwa sababu mtihani wa kuingia chuo kikuu, gaokao, kwa kawaida hufanyiwa kule hukou iliko.

Wenzetu wengi wakirudi kutoka China husimulia treni na maghorofa. Mimi pia nimezipanda treni hizo na sina la kubeza. Benki ya Dunia inahesabu watu karibu milioni 800 waliotoka kwenye umaskini uliokithiri tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na hakuna nchi nyingine iliyofanya kazi ya ukubwa huo. Ninachotaka kusema ni kwamba bili ya kazi hiyo ilipelekwa vijijini, na mpaka leo vijiji vinaendelea kuilipa.

Mageuzi ya uchumi yaliyowatoa watu hao kwenye umaskini yalianzia kwa wakulima. Mwishoni mwa 1978, katika kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, wakulima 18 walikutana kwa siri wakakubaliana kugawana mashamba ya jumuiya, kila kaya ilime chake na iendelee kutoa fungu la mavuno linalodaiwa na serikali. Waliweka alama za vidole kwenye karatasi, wakaahidiana kwamba wakifungwa au kuuawa, wenzao watawalea watoto wao. Mavuno yakapanda, na serikali ya Deng Xiaoping ikauruhusu utaratibu huo nchi nzima. Shamba likahitaji watu wachache zaidi. Shenzhen ilitangazwa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, viwanda vikafuata, na vijana wa vijijini wakashuka pwani kwa mamilioni.

Waliruhusiwa kufanya kazi mjini. Kuwa watu wa mjini hawakuruhusiwa. Wanaitwa nongmingong, wakulima vibarua, na sasa ni kama milioni 300. Angalia hesabu yake: kiwanda kilipata mtu mwenye umri wa miaka 20 na nguvu zake zote, lakini jiji halikumjengea mwanawe darasa wala kumwekea mzazi wake kitanda hospitalini. Malezi ya mtoto na matunzo ya mzee vilibaki kwa bibi kijijini. Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2010 yalionyesha watoto milioni 61 walioachwa vijijini na mzazi mmoja au wote wawili. Mwaka 2016 serikali ilibadili namna ya kuhesabu, wakabaki milioni 9. Na bibi huyo anayewalea, mwaka 2024 kiwango cha chini cha pensheni ya msingi aliyowekewa na serikali kuu kilipandishwa kikafika yuan 123 kwa mwezi, wakati mstaafu wa kampuni ya mjini kwa wastani anapata zaidi ya 3,000.

Wapo watakaoniambia mambo yanabadilika, na ni kweli. Machi 2003 kijana mmoja wa Hubei, Sun Zhigang, mwenye shahada na kazi ya usanifu, alikamatwa hapohapo Guangzhou kwa kutokuwa na kibali cha ukaazi. Alipigwa akiwa kizuizini hadi akafa. Gazeti la Nanfang Dushibao liliandika habari hiyo, wanasheria wakaipeleka hoja mbele ya bunge, na kabla mwaka haujaisha utaratibu wa kuwakamata wahamiaji na kuwarudisha makwao ukafutwa. Kodi ya kilimo, iliyodumu tangu enzi za kale, ilifutwa 2006. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuondoa tofauti ya maneno kati ya hukou ya kilimo na isiyo ya kilimo, na miji mingi midogo na ya kati imefungua milango. Lakini mafundi wa Kangle hawakwenda mji mdogo. Walikwenda palipo na kazi, na miji mikubwa yenye kazi ndiyo inayopima watu kwa pointi: elimu, umri, nyumba, miaka ya michango ya hifadhi ya jamii. Fundi anayelipwa kwa kila nguo, bila mkataba, atazipata wapi pointi hizo?

Serikali ya China sasa inahangaika na mambo mawili, na yote mawili yanapita kwenye chumba cha dajie. Inataka watoto. Imeruhusu wawili tangu 2016 na watatu tangu 2021, lakini waliozaliwa wamepungua kutoka zaidi ya milioni 17 mwaka 2016 hadi karibu milioni 9 mwaka 2023. Mama asiyeweza kuishi na mmoja aliye naye, wa pili atamzaa amweke wapi? Inataka pia watu watumie fedha zaidi ili uchumi usitegemee mauzo ya nje na majengo. Dajie alikuwa anaweka akiba kila yuan aliyoweza, kwa ajili ya ada, ugonjwa na uzee, kwa sababu hakuna aliyemwahidi kumsaidia siku hizo zikifika. Mpeni hukou kamili ya Guangzhou, na shule kwa mwanawe, muone kama hatanunua hata kitanda kipya.

Novemba 2022, wakati wa karantini za Uviko, Kangle ilifungwa kwa wiki kadhaa. Karakana zimesimama, pango linahesabiwa, na wengi hawakuwa na njia ya kurudi Hubei. Usiku mmoja wapangaji walivunja vizuizi wakakabiliana na polisi waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Video zilisambaa, nikazitazama nikitafuta sura ninazozijua.

Dajie yuko salama. Tuliwasiliana baadaye nilipokuwa naulizia vitambaa, akaniambia karakana yake imehamia nje ya jiji na yeye ameifuata. Mwanawe ameingia sekondari ya bweni huko wilayani kwao. Shule hairuhusu simu, kwa hiyo wanaongea Jumapili tu, mtoto akirudi kwa bibi.