Bajeti ya Illinois ilipokwama: darasa, uwanja na aliyelipa gharama

Machi 2016, Chuo Kikuu cha Illinois kilichopo Urbana-Champaign kilimwajiri Lovie Smith, aliyewahi kuinoa Chicago Bears, awe kocha wa timu yake ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Mkataba ulikuwa wa miaka 6, wenye thamani ya dola milioni 21. Mwezi uliofuata, kilomita kama 200 kutoka hapo, Chuo Kikuu cha Chicago State kiliwaachisha kazi watu wapatao 300. Vyote viwili ni vyuo vya umma vya jimbo moja, na jimbo hilo lilikuwa limeshamaliza miezi 9 bila bajeti kamili.

Wengi waliziweka habari hizo mbili sambamba na kuhukumu papo hapo: fedha za mpira zipo, za masomo hakuna. Hasira hiyo naielewa. Lakini ukifuatilia fedha zilikotoka na zilikokwama, utaona kwamba kocha hakuchukua mshahara wa mhadhiri yeyote wa Chicago State. Mshahara wa mhadhiri ulikwama Springfield, makao makuu ya jimbo.

Chanzo cha mvutano ni hiki. Januari 2015 Bruce Rauner wa Republican aliapishwa kuwa gavana, na mwezi huohuo kodi ya mapato ya watu binafsi ikashuka kutoka asilimia 5 hadi 3.75 kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa zamani. Mapato yakapungua wakati madeni ya pensheni yameshapita dola bilioni 100. Rauner alisema hataridhia kodi mpya mpaka bunge lipitishe mageuzi yake: kuzuia kodi za majengo zisipande, kupunguza nguvu za vyama vya wafanyakazi, kuweka ukomo wa vipindi vya wabunge. Spika Michael Madigan wa Democrat, aliyekuwa ameshika kiti hicho karibu mfululizo tangu 1983, alijibu kwamba mambo hayo hayana nafasi kwenye bajeti. Mwaka wa fedha ukaanza Julai 1, 2015 bila bajeti. Ilipatikana Julai 6, 2017, baada ya bunge kuibatilisha kura ya turufu ya gavana na kupandisha kodi hadi asilimia 4.95. Kufikia hapo, bili ambazo jimbo halijalipa zilikuwa zinakaribia dola bilioni 15.

Jimbo halikufungwa katika miaka hiyo 2, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Shule za msingi na sekondari zilipata fedha kwa sababu gavana alisaini muswada wao. Wafanyakazi wa serikali walilipwa kwa amri ya mahakama. Sehemu kubwa ya huduma za afya iliendelea kwa amri za mahakama na makubaliano ya kisheria ya zamani. Malipo ya madeni yana sheria yake. Waliobaki nje ni wale ambao hakuna jaji wala sheria iliyolazimisha walipwe, yaani vyuo vikuu, wanafunzi wanaopata ruzuku za ada, na mashirika ya huduma za jamii. Chuo kikuu kilionekana kina akiba, kina ada, kinaweza kujitafutia. Kwa hiyo kikaachwa kijitafutie.

Chicago State hakikuwa na pa kujitafutia. Kiko upande wa kusini wa Chicago, wanafunzi wake wengi ni Wamarekani Weusi wa kipato kidogo, na karibu theluthi ya bajeti yake ilitoka jimboni. Februari 2016 kilitangaza hali ya dharura ya kifedha, kisha wafanyakazi wote wapatao 900 wakapewa notisi kwamba wanaweza kupoteza kazi. Likizo ya katikati ya muhula ilifutwa ili masomo yamalizike mapema kabla fedha hazijaisha. Wafanyakazi waliagizwa kujiandaa kurudisha funguo za ofisi. Mwishoni mwa Aprili bunge lilitoa fedha za dharura, dola milioni 600 kwa elimu ya juu yote. Chicago State kikapata takriban milioni 20, kama asilimia 60 ya kile kilichozoea kupokea kwa mwaka. Vyuo vingine viliambulia asilimia 30 hivi. Hata hivyo watu 300 waliondoka. Na mwaka mpya wa masomo ulipofunguliwa, wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza waliosoma muda wote walikuwa 86.

Idadi hiyo inasema zaidi ya hesabu zote za Springfield. Mzazi akisoma kwenye gazeti kwamba chuo kinakusanya funguo, hampeleki mwanawe huko, hata fedha zikija wiki inayofuata.

Upande wa gavana una hoja, na haufai kupuuzwa. Vyuo hivi vilikuwa na matatizo yake kabla ya 2015. Eastern Illinois, chuo cha mji mdogo wa Charleston, kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 12,000 katikati ya miaka ya 2000. Kufikia 2015 walibaki 8,500 hivi, na hapo mvutano ndiyo kwanza umeanza. Chicago State chenyewe kilishindwa mahakamani katika kesi ya mfanyakazi aliyefukuzwa kwa kufichua maovu, na fidia ikafika mamilioni ya dola. Ofisi ya gavana ilivituhumu vyuo kuwa na utawala mnene na matumizi ya ovyo, na baadhi ya tuhuma zilikuwa za kweli. Ukiwa na jimbo lenye deni kubwa namna hiyo, kudai nidhamu kabla ya kuongeza kodi ni msimamo wa heshima.

Ninachokataa ni njia iliyotumika. Kupunguziwa bajeti kwa asilimia 20 kunaumiza, lakini mkuu wa chuo anajua anachokabiliana nacho: atafunga idara fulani, atapandisha ada kiasi fulani, ataeleza sababu. Bajeti ikikwama hana tarakimu ya kuanzia. Anatumia akiba, anawalipia wanafunzi ruzuku ambazo jimbo limeahidi na halijatuma, anakopa matumaini mwezi baada ya mwezi, na anaanza na wale ambao ni rahisi kuwaondoa, wawe wazembe au hodari. Eastern Illinois kilifika wanafunzi 7,000 hivi mwaka 2017. Kwa nidhamu iliyokuwa inatafutwa, hayo ni malipo makubwa mno.

Sasa michezo. Wengi huizungumzia kama kitu kimoja, na hapo ndipo mjadala unapopotea. Urbana-Champaign ni mwanachama wa Big Ten, mojawapo ya ligi kubwa za michezo ya vyuo, na idara yake ya michezo huendeshwa karibu yote kwa haki za televisheni, tiketi na wafadhili. Bajeti ya jimbo ikikwama haiguswi moja kwa moja. Ndiyo maana iliweza kumsainisha Lovie Smith katikati ya ukame. Unaweza kuuliza, na nadhani ni swali halali, kwa nini chuo cha umma kiruhusu idara moja iishi katika dunia yake wakati nyingine zinahesabu karatasi. Wenye timu watajibu kwamba mamilioni hayo huvuta mamilioni mengine. Kwa Smith hayakuvuta sana: alishinda mechi 17, akapoteza 39, na Desemba 2020 akafutwa kazi.

Vyuo vya kati kama Eastern Illinois, Southern Illinois na Chicago State viko tofauti kabisa. Huko televisheni hailipi cha maana, na timu huishi kwa ada za wanafunzi na fedha za chuo. Jimbo likiacha kulipa, kila tiketi ya ndege ya timu inakuwa hoja. Chicago State ndiyo mfano mgumu zaidi. Wakati huo kilicheza katika ligi ya Western Athletic Conference, pamoja na vyuo vya Seattle, Phoenix, Bakersfield na Edinburg iliyo karibu na mpaka wa Texas na Mexico. Chuo kinachowaachisha watu kazi kilikuwa kinapandisha wachezaji ndege kuvuka nusu ya bara. Mtu akisema kilipaswa kushuka daraja siku hiyohiyo, sina jibu jepesi la kumpa. Kuna upande wa pili, lakini: timu ndogo ya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, hulipwa na vyuo vikubwa ili iende kufungwa kwao, na hupata mgawo wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Ukishuka, na hizo zinapotea.

Southern Illinois, kilichomlea Walt Frazier kabla hajawa nyota wa New York Knicks, kilichagua kufuta tenisi ya wanaume na ya wanawake baada ya msimu wa 2016–17. Ukiitazama kwa macho ya mhasibu, inaeleweka: wachezaji wachache, viwanja vya kutunza, safari, na hakuna tiketi inayouzwa. Lakini miaka 2 baadaye, mwaka 2019, chuo hichohicho kilianzisha timu ya soka ya wanawake. Vyuo vyenye upungufu wa wanafunzi hufanya hivyo kwa sababu mchezaji wa mchezo mdogo mara nyingi hapati ufadhili kamili. Familia yake inalipa sehemu ya ada, bweni na chakula. Ukimfuta ili kuokoa gharama ya safari, huenda umefuta pia ada yake. Ndiyo sababu siamini kwamba michezo midogo ndiyo mafuta ya kukatwa kwanza. Hukatwa kwanza kwa kuwa haina watetezi wengi.

Alaska inaonyesha watetezi wakiwepo inakuwaje. Mwaka 2019 Gavana Mike Dunleavy alifuta dola milioni 130 za mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, kisha wakapatana zipungue milioni 70 kwa miaka 3. Mwaka uliofuata chuo cha Anchorage kikaamua kufuta hoki ya barafu, jimnastiki na mbio za kuteleza kwenye theluji, isipokuwa kama jamii ingechangisha gharama za miaka 2. Jamii ilichangisha, na hoki ikarudi uwanjani msimu wa 2022–23. Nafurahi kwa ajili ya vijana wale. Ila programu za masomo zilizofungwa katika mfumo huohuo hazikupata wachangishaji wa namna hiyo, na jimbo likijifunza kwamba mashabiki watalipa, litaendelea kuwaachia wao.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kufuatilia. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbia akiwa El Paso, Texas, kabla na baada ya medali yake ya fedha ya Moscow 1980. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Vyote ni vyuo vya umma, na riadha ni mchezo usioingiza fedha, uleule ambao hutajwa mapema kikao cha kupunguza matumizi kikianza. Nafasi ya kijana wa Iten au Arusha inaweza kuamuliwa na ugomvi wa wanasiasa ambao hajawahi kuwasikia.

Kuna dawa moja inayojulikana. Wisconsin, bajeti ikichelewa, ya zamani huendelea kufanya kazi. North Carolina iliweka sheria inayofanana mwaka 2016, na gavana na bunge walipokwama 2019, vyuo vyake viliendelea kupokea fedha kwa kiwango cha zamani. Hakuna aliyeambiwa arudishe funguo. Wapinzani wa njia hii wanasema inawaondolea wanasiasa shinikizo, na wana ushahidi: North Carolina ilikaa hadi Novemba 2021 ndipo bajeti kamili ikasainiwa, huku nyongeza za mishahara zikisubiri. Mimi nachagua hasara hiyo. Shinikizo la Illinois lilikuwa kubwa kuliko lolote, lilidumu miaka 2, na waliolisikia ni wafanyakazi 300 wa Chicago State na wachezaji tenisi wa Southern Illinois. Rauner na Madigan waliendelea kupata usingizi.